Dola Itoe Siku, Isitoe Maana

Barua zilizotufikia tangu toleo lililopita, kuhusu sikukuu za Asia, zimegawanyika kambi mbili, na zote mbili zimenikera. Kambi ya kwanza inasema sikukuu ikishaingizwa katika orodha ya mapumziko ya serikali imekwisha kufa: kinachobaki ni hotuba, bendera na matangazo ya maduka. Ya pili inajibu kwamba nyingi ya sikukuu tunazoziita za jadi zilitungwa na watawala juzijuzi tu, kwa hiyo hakuna jadi ya kuililia. Wanabishana juu ya asili, kurasa kwa kurasa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali ambalo mfanyakazi wa kiwandani Incheon au mpishi wa hoteli Penang angeanza nalo: siku hiyo naenda kazini, siendi?

Toleo hili limepangwa kuzunguka swali hilo. Msimamo wangu nausema mapema ili msomaji ajue anasoma maneno ya nani. Sikukuu huzaliwa na kulelewa na watu wenyewe. Dola inaweza kuisaidia kwa jambo moja tu, nalo ni muda: siku ya mapumziko yenye malipo, iliyoandikwa katika sheria. Dola inapovuka hapo na kuanza kuwaambia watu siku yao ina maana gani, inaharibu.

Shahidi wangu mkuu ni Korea Kusini, na nitakaa hapo kwa muda. Kalenda ya jua ilianza kutumika rasmi Korea tarehe 1 Januari 1896, enzi za Mfalme Gojong. Chini ya utawala wa Japani, kuanzia 1910 hadi 1945, Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi, yaani Seollal, ulipigwa vita kwa hoja kwamba ni alama ya kubaki nyuma. Mtu angedhani uhuru ungeurudisha, lakini kanuni ya mapumziko ya 1949 ilitoa siku tatu kuanzia Januari mosi, na Seollal haikupata hata moja. Serikali ya Syngman Rhee, na baadaye ya Park Chung-hee, ziliwasihi na kuwakaripia wananchi waache kusherehekea mwaka mara mbili, zikisema ni ufujaji wa mali na wa muda wa kazi.

Wananchi hawakuacha. Meza ya mababu iliendelea kuandaliwa asubuhi ya Seollal, supu ya tteokguk ikapikwa, watoto wakawainamia wazee wao hadi sakafuni. Lakini tazama ni nani aliyeumia. Mkulima aliyebaki kijijini angeweza kujipangia siku yake. Binti aliyetoka Jeolla, kusini, kwenda kushona nguo katika viwanda vya Seoul hakuwa na nafasi hiyo. Meza ya mababu ilikuwa kwao, na mashine yake ilikuwa inamsubiri. Katika miaka ile ile ambayo uchumi wa Korea ulipanda kwa jasho la vijana wa aina yake, wao ndio walionyimwa njia ya kurudi nyumbani.

Mwaka 1985 serikali ya Chun Doo-hwan ililegeza kamba kidogo. Ilitoa siku moja, na hata hapo ikakwepa kuitaja sikukuu kwa jina lake. Iliiita Siku ya Mila za Watu. Siku moja haitoshi kwenda kusini na kurudi. Yalihitajika maandamano makubwa ya 1987, yaliyoilazimisha serikali kukubali rais achaguliwe kwa kura ya moja kwa moja, ndipo mwaka 1989 Seollal ikarudishiwa jina lake na siku tatu kamili. Januari mosi nayo ikapunguzwa, na tangu 1999 imebaki na siku moja.

Kwa miaka 93, kutoka 1896 hadi 1989, dola za kila aina zilijaribu kuwahamisha Wakorea kutoka tarehe moja kwenda nyingine, zikashindwa. Kambi ya kwanza izingatie hilo: sheria haikuiua Seollal, na kilichokaribia kuiua kwa mamilioni ya wafanyakazi wa mjini ni kukosekana kwa sheria. Kambi ya pili nayo izingatie: hakuna mtawala aliyewatungia Wakorea sikukuu hii. Watawala walitumia nguvu nyingi kuwataka waiache.

Makala yetu ya pili, kuhusu Japani, inapingana nami waziwazi, na nimeiweka karibu kwa makusudi. Mwandishi anakumbusha kwamba siku iliyofuata tarehe 2 ya mwezi wa 12, mwaka wa 5 wa enzi ya Meiji, iligeuzwa kuwa 1 Januari 1873, na Wajapani wakahamia Mwaka Mpya huo hadi leo. Kwake huo ni ushahidi kwamba watu hufuata kalenda ya dola. Mimi nasoma historia hiyo hiyo na kuona mishahara. Hazina ya Meiji ilikuwa na hali mbaya, na mwaka uliokuwa unakuja, kwa kalenda ya zamani, ungekuwa na miezi 13. Kwa kubadilisha kalenda serikali iliepuka kuwalipa watumishi wake mwezi huo wa ziada, pamoja na mwezi wa 12 uliokatwa ghafla. Okuma Shigenobu, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa serikali hiyo, alikuja kulieleza jambo hili mwenyewe. Anayeshika kalenda anashika malipo ya watu.

Japani hiyo hiyo inatupa pia Obon. Katikati ya Agosti familia husafiri kwenda makaburini kwa wazee wao, treni hujaa, kampuni nyingi hufunga ofisi. Ila Obon haimo katika sheria ya sikukuu ya 1948. Likizo yake inatoka mkononi mwa mwajiri, na asiyepewa na mwajiri wake hana sheria ya kumtetea. Sheria hiyo, kwa upande mwingine, imejaa maana zilizochaguliwa na dola. Tarehe 11 Februari, siku ya kumwenzi mfalme wa kwanza wa hadithi za kale, iliondolewa mwaka 1948, ikarudishwa kwa marekebisho ya 1966 kwa jina la kuadhimisha kuasisiwa kwa taifa. Hapo ndipo ninapotaka dola izuiliwe.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka Indonesia. Agizo la Rais Namba 14 la 1967, la Suharto, liliwazuia raia wenye asili ya China kufanya ibada na sherehe zao hadharani. Ngoma ya simba iliingia ndani ya nyua. Rais Abdurrahman Wahid alilifuta agizo hilo mwaka 2000, na kuanzia 2003, chini ya Megawati Sukarnoputri, Imlek, Mwaka Mpya wa Kichina, ikawa sikukuu ya taifa. Mwandishi wetu wa Jakarta anaonyesha tofauti kati ya hatua hizo mbili. Ya kwanza iliondoa hofu, ya pili ikatoa muda, na muda huo ukatolewa kwa kila raia bila kumdai yeyote aeleze Imlek upya kwa lugha ya serikali.

Uturuki ilikwenda kinyume cha Indonesia. Wakurdi waliwasha moto wa Newroz, Mwaka Mpya wao, kila tarehe 21 Machi huku wakikamatwa, na mwaka 1992 watu wengi waliuawa katika miji kama Cizre. Miaka michache baadaye serikali ikaanza kuiadhimisha siku hiyo yenyewe, ikiitangaza kuwa sikukuu ya kale ya Waturuki. Makala ya nne inaeleza jinsi mji wa Wakurdi wa Diyarbakır ulivyokataa tafsiri hiyo. Wasomaji wa Makunduchi, wanaoijua Nairuzi kwa Mwaka Kogwa wao, watakuta humo ndugu wa mbali.

Kuhusu China, makala ni fupi lakini inakata. Mapumziko ya Mwaka Mpya wa mwezi yalifutwa 1967, yakarudi 1980. Leo orodha imepanuliwa, kutoka siku 11 hadi 13 mwaka 2025, ila utaratibu wa kufidia unabaki: ili likizo iwe ndefu, watu hufanya kazi Jumamosi au Jumapili. Malalamiko yao ni ya haki. Mapumziko yanayolipiwa kwa mapumziko mengine ni mkopo.

Singapore iliiondoa Thaipusam, sikukuu ya Wahindu wa Kitamil, katika orodha yake mwaka 1968, na wabeba kavadi wa huko, yaani mizigo ya nadhiri, huomba ruhusa kazini ili watembee hadi hekalu la Tank Road. Vietnam inachangia ukurasa kuhusu Tết, Mwaka Mpya wa Kivietinamu, ya 1968, ambayo Kaskazini iliiadhimisha siku moja kabla ya Kusini kwa sababu ya marekebisho ya kalenda. Na makala kuhusu kuandama kwa mwezi nchini Indonesia, ambako jumuiya ya Kiislamu ya Muhammadiyah hutumia hesabu na serikali hutaka mwezi uonekane, itawagusa wote waliowahi kusali Idi siku tofauti na jirani yao hapa pwani.

Nawaomba wanaotaka kuandika kwa ajili ya toleo lijalo waachane na swali la sikukuu ipi ni halisi. Waanze na mtumishi wa ndani, dereva, muuguzi wa zamu ya usiku. Waulize siku hiyo alikuwa wapi, nani alimruhusu, nani alimkata mshahara. Na kwa serikali inayodai kuheshimu mila za watu wake, kazi ni moja: iandike siku hiyo katika sheria ya kazi, ihakikishe inalipwa kwa kila mfanyakazi, kisha iwaachie wenyewe sikukuu yao.