Mpaka Ulindwe Mpakani, Uraia Uamuliwe kwa Sheria: Tamko la Wavuvi, Wachuuzi na Wachimbaji Wadogo wa Nkome



1. Kilichotufanya tuseme

Chama chetu kimekusanya watu wa kazi tatu: wavuvi wa mwalo wa Nkome, wachuuzi na wachakataji wa samaki, wengi wao akina mama, na wachimbaji wadogo wanaokwenda na kurudi kati ya ziwa na maduara, yaani mashimo ya dhahabu, ya Mgusu, Nyarugusu na Rwamgasa. Si kawaida yetu kutoa matamko. Barua zetu huenda kwa afisa uvuvi au kwa mtendaji wa kata, na huzungumzia nyavu, ushuru na barabara. Safari hii tumelazimika, kwa kuwa mjadala wa wageni na mipaka umeshuka kutoka majukwaani hadi mwaloni, na huku chini hauendeshwi kwa hoja bali kwa vitisho. Mtu akidaiwa fedha, anamwambia anayemdai kwamba atampeleka Uhamiaji. Watu wakigombea eneo la kuanikia dagaa, mmoja anaulizwa babu yake alizikwa wapi.

Tumelijadili jambo hili kwa kirefu, na hatukukubaliana kwa kila kitu. Tamko hili linaeleza tulipokubaliana, na halifichi tulipotofautiana.

2. Amri ya 2025: tunachokiunga mkono

Kwa Tangazo la Serikali Na. 487A la 28 Julai 2025, Waziri wa Viwanda na Biashara wa wakati huo, Dkt. Selemani Jafo, alipiga marufuku wasio raia kufanya shughuli 15 za biashara. Zimo biashara ya jumla na rejareja, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi simu, saluni, udalali, ununuzi wa mazao shambani na uchimbaji mdogo wa madini. Asiye raia akipatikana na hatia, faini yake haipungui shilingi milioni 10 au anafungwa hadi miezi 6, na vibali vyake vinafutwa. Raia anayemsaidia naye ana adhabu yake: faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 3.

Wachimbaji wetu waliipokea amri hii kwa furaha, na tunawaelewa. Kwa Sheria ya Madini ya 2010, leseni ya uchimbaji mdogo ni ya Mtanzania. Pamoja na hayo, kila aliyewahi kushika sururu anajua jinsi sheria hiyo inavyozungukwa. Leseni inasomeka jina la mzawa, lakini mtambo, mafuta na sauti ya mwisho ni vya mtu mwingine. Siku ya kugawana mifuko ya mawe, mwenye shamba na mwenye duara wanapewa kinachobaki, na vijana walioshuka shimoni wanaambiwa wasubiri mzunguko ujao. Mwanachama mmoja alitukumbusha mkutanoni kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Akaongeza kwamba wahenga hawakusema ya tatu mpe leseni.

Hoja hiyo ina uzito. Nchi ina haki ya kuwatengea watu wake kazi ndogo ambazo mwenye mtaji mdogo anaweza kuanzia. Chama kinaunga mkono kifungu cha uchimbaji mdogo bila masharti. Tunasisitiza tu kwamba katika ujanja huu mgeni hafanyi kazi peke yake. Mtanzania anayekodisha jina lake ndiye anayefungua mlango, na akikamatwa mgeni peke yake, mlango unabaki wazi kwa mwingine.

3. Tunachotaka kifafanuliwe

Akina mama wa mwaloni walikuwa na swali jingine, na hadi leo hatujapata jibu la maandishi.

Fuata gunia moja la dagaa. Usiku usio na mbalamwezi vijana wanaingia ziwani na taa. Alfajiri mzigo unashushwa na kupimwa kwa ndoo, akina mama wananunua, wanaanika na kugeuza kadiri jua linavyopanda. Dagaa wakikauka wanafungwa, mbebaji analipwa, halmashauri inachukua ushuru wake, lori linaondoka. Gunia hilo linaweza kuishia Kirumba jijini Mwanza, au kupitia Rusumo kwenda Rwanda, au Kabanga kwenda Burundi, au kusonga hadi mashariki mwa Kongo. Kayabo ndiyo kabisa. Sangara huyu wa chumvi hana soko kubwa katika vyungu vya Geita. Mlaji wake mkubwa yuko Kongo.

Sasa yuko mnunuzi kutoka Goma au Bukavu. Anakuja na fedha yake, ananunua mzigo, analipa ushuru, anaondoka. Je, huyo amefanya biashara ya jumla iliyokatazwa, au ni mteja aliyefuata bidhaa? Na kama ununuzi wa mazao shambani umekatazwa, mwalo nao ni shamba? Mgambo mmoja akijibu hivi na mwingine vile, anayeumia ni mama mwenye magunia yaliyokwisha kukauka na mvua inakuja.

Jambo hili limezua mvutano hata baina ya serikali. Waziri wa Biashara wa Kenya, Lee Kinyanjui, alisema amri hiyo inakwenda kinyume na Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, ambayo ilianza kutumika Julai 2010. Wanaoitetea amri wanajibu kwamba kila nchi mwanachama inalinda watu wake, Kenya ikiwamo. Sisi si wanasheria wa Jumuiya. Tunachojua ni kwamba Kongo iliingia katika Jumuiya hiyo mwaka 2022, na kwamba wazee wetu wanaikumbuka miaka ya 1977 hadi 1983, Jumuiya ya kwanza ilipovunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Viongozi waligombana, na wachuuzi wakalipa.

4. Yaliyotupata 2013

Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani Kagera, aliwapa wahamiaji haramu wiki mbili waondoke kwa hiari. Septemba mwaka huo ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Sababu yake haikuwa ya kubuni: ujambazi wa silaha na utekaji wa magari katika mapori ya ukanda huu uliwaua ndugu zetu, na tuliomba ulinzi. Lakini operesheni ilikuja wakati Tanzania na Rwanda zimenuniana, baada ya Rais Kikwete kushauri mwezi Mei kwamba Rwanda izungumze na waasi wake wa FDLR. Katika joto hilo, jambazi, mfugaji na bibi aliyeolewa huku miaka mingi waliwekwa kapu moja.

Maelfu waliondoka au waliondolewa. Wapo waliokuwa wageni bila kibali, na sheria ilistahili kufuata mkondo wake. Wapo pia waliokuwa wameishi humu miongo, wakaacha wake, waume, watoto na ng'ombe. Mwaka huohuo Operesheni Tokomeza, iliyolenga ujangili, ilisimamishwa kwa ukatili wake, na Desemba mawaziri wanne wakapoteza nyadhifa. Na wavuvi hawajasahau 2018, nyavu zilipokuwa zikichomwa katika Operesheni Sangara. Kwa hiyo tukisikia neno operesheni, hatuulizi kwanza nia yake. Tunauliza nani atahesabu mali zitakazochukuliwa, na nani atawajibika zikipotea.

5. Uraia si fimbo ya kuchapia mpinzani

Tunasikitishwa na mtindo wa kumaliza ubishi wa siasa kwa kuhoji uraia wa mtu. Mwaka 2001 mwandishi Jenerali Ulimwengu, aliyewahi kuwa mbunge, aliambiwa si raia. Mwaka 2018 Aidan Eyakuze, mkuu wa taasisi ya kiraia ya Twaweza, alinyang'anywa pasipoti na uraia wake ukachunguzwa, baada ya taasisi yake kutoa matokeo ya maoni ya wananchi. Hao walikuwa na majina makubwa na mawakili. Mvuvi wa kisiwani hana wakili. Akihojiwa, anaulizwa vyeti vya wazazi waliozaliwa enzi ambazo kijiji hakikuwa na daftari.

Siku hizi madhara yanafika haraka. Tangu laini za simu zisajiliwe kwa alama za vidole, na zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020, asiye na namba ya kitambulisho cha Taifa (NIDA) hana laini, na asiye na laini hana fedha ya simu. Hapa mwaloni mzigo mwingi hulipiwa kwa simu.

Nani kati yetu atamhoji mwenzake? Mkoa wa Geita ulizaliwa 2012, kwa kumegwa Mwanza, Shinyanga na Kagera. Nkome ni nchi ya Wazinza na Warongo. Wasukuma walihamia kwa wingi karne iliyopita wakifuata ardhi na malisho. Wakerewe, Wakara na Wajita wakafuata samaki. Waha, Wasubi na Wahaya wakaja kwa njia zao. Ukipanga foleni ya kurudishana makwetu, mwalo utabaki na mitumbwi mitupu.

Tena Taifa hili lilikwisha kuujadili mzizi wa jambo. Oktoba 1961, kabla ya Uhuru, baadhi ya wabunge walitaka uraia wa Tanganyika uwe wa Waafrika peke yao. Julius Nyerere alikataa kuupima uraia kwa rangi, akawa tayari kuachia madaraka kuliko kukubali, na akashinda. Mwaka 1980 Serikali yake ikawapa uraia wakimbizi wa Rwanda wapatao 36,000. Baadaye Warundi wapatao 162,000, waliokimbilia kwetu 1972 pamoja na watoto wao, wakapewa uraia, na vyeti vyao vikatolewa kuanzia 2014. Haya yalifanywa kwa fomu, viapo na vyeti. Hayo ndiyo mapokeo ya uzalendo tunayoyatambua.

Pia tusisahau kwamba nasi ni wageni kwa wenzetu. Mwanzoni mwa 2017 wachimbaji wa Kitanzania walifukuzwa Montepuez, Msumbiji, walikokuwa wakitafuta rubi. Waliporudi wakisimulia vipigo na mali zilizobaki huko, tuliona wameonewa. Hatuwezi kuwa na kipimo kimoja Montepuez na kingine Nkome.

6. Msimamo na madai yetu

Kwa hayo yote, chama kinatamka yafuatayo:

(a) Serikali ina haki na wajibu wa kulinda mipaka na ziwa. Tunaomba doria na ukaguzi viimarishwe pale mtu anapoingilia, badala ya kuvifanya vijijini baada ya miaka ishirini.

(b) Wizara ya Viwanda na Biashara, kwa kupitia halmashauri, itupatie ufafanuzi wa maandishi, kwa Kiswahili, ubandikwe mwaloni: mnunuzi wa nje anayefuata mzigo na kuondoka anahesabiwaje, anahitaji kibali gani na anakilipia wapi.

(c) Ukaguzi wa uraia ufanywe na maofisa wa Uhamiaji wenye vitambulisho, mchana, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji. Anayekamatwa afikishwe mbele ya sheria, na mali yake iorodheshwe na kukabidhiwa kwa hati. Katiba yetu inamlinda mtu yeyote dhidi ya mateso na udhalilishaji, awe raia au asiwe.

(d) Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU), mgambo na sungusungu wasipewe kazi ya kupima uraia. Sungusungu ilianzia ukanda huu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, na ilitusaidia. Lakini tunajua pia kwamba mahali pengine iliwageukia watu walioshukiwa uchawi bila ushahidi. Lafudhi na sura si ushahidi wa uraia.

(e) NIDA na Uhamiaji waje visiwani na makambini kusajili, wakae muda wa kutosha, na anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi pamoja na mahali pa kukata rufaa.

(f) Vyama vyote vya siasa viache kuomba kura kwa kutaja kabila au asili ya mtu. Tutamsikiliza mgombea wa sera ya mpaka iliyo kali au iliyo laini, ila hatutampa jukwaa anayewachonganisha majirani.

7. Wajibu wetu wenyewe

Hatuwezi kudai haya kwa Serikali huku tukijisamehe. Kuanzia sasa mwanachama atakayethibitika kukodisha jina lake kwa leseni ya mtumbwi, duka au duara la mtu asiye raia atafutwa uanachama, na taarifa zake zitapelekwa kwa mamlaka husika. Adhabu hiyohiyo itampata mwanachama atakayemtishia mdai, mshindani au mpangaji wake kwa Uhamiaji ili ajipatie faida. Mwenye ushahidi wa kweli kuhusu mhalifu aende ofisini akautoe kwa jina lake.

Wanachama kadhaa wanaamini kwamba amri ya 2025 ingepaswa kugusa pia wanunuzi wa samaki wa nje. Wengine wanaamini kwamba ikifika huko, bei ya dagaa itashuka mikononi mwa matajiri wachache wa ndani. Ubishi huo tutauendeleza vikaoni, kwa kuwa ni wa haki na kila upande una watoto wa kulisha. Tulichokubaliana wote ni kwamba hautaamuliwa kwa rungu. Nakala za tamko hili tunazipeleka kwa Mkuu wa Wilaya, Mkurugenzi wa Halmashauri, ofisi ya Uhamiaji ya mkoa na ofisi ya Mbunge wetu, na tunaomba majibu kwa maandishi ili tuyasome mbele ya wanachama katika mkutano mkuu ujao.

Limetolewa Nkome, Wilaya ya Geita, kwa niaba ya wanachama,

Mwenyekiti na Katibu wa Chama