BUSTANI YA NYUMBANI: Mgogwe Haupendi Joto

Askari anapohamishwa kutoka milimani kuja Bujumbura, mara nyingi jamaa yake huja na mbegu za matunda waliyoyazoea. Huenda zikawamo za mgogwe, ule mti mfupi wenye majani mapana na matunda mekundu yenye umbo la yai. Mbegu hupandwa uani Rohero, miche huota vizuri, na watoto hungoja kwa hamu. Mwaka wa pili mti umejaa majani, lakini matunda hakuna, au ni machache na madogo. Mama hulaumu udongo. Baba humlaumu aliyetoa mbegu. Kumbe kosa ni la joto.

Wengi Burundi huyaita magogwe kwa jina la Kifaransa, prune du Japon, ingawa hayakutoka Japani. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Ndiyo maana mgogwe hustawi zaidi penye joto la kadiri, nyuzi 18 hadi 22. Rohero iko bondeni, karibu na Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Huku usiku wa joto huzuia maua yasishike matunda. Bugarama, ambako wasafiri husimama kununua mboga na matunda, iko juu ya mita 2,000.

Basi mwenye shamba milimani, au aliyehamishiwa Gitega, ndiye aupande. Mche utokanao na mbegu hurefuka kabla ya kutoa matawi. Ule wa kipande cha tawi huwa mfupi na wa kichaka, nao hufaa penye upepo, kwa kuwa matawi ya mgogwe huvunjika upesi na mizizi yake haiendi chini sana. Udongo uwe na samadi, wala usituamishe maji, kwani siku chache za maji yaliyosimama huweza kuuua. Usipandwe palipokuwa na viazi au nyanya zilizougua, maana ni mimea ya ukoo mmoja. Huanza kuzaa baada ya mwaka mmoja na nusu hadi miwili.

Anayekaa Rohero na anunue magogwe sokoni, na uani apande mpera. Mpera huvumilia joto, huzaa baada ya miaka miwili hadi minne, na pera lina vitamini C kuliko chungwa.

Gogwe bivu huwa laini kidogo likibonyezwa. Ganda lake ni chungu, haliliwi. Likatwe katikati, nyama ichotwe kwa kijiko. Au litiwe katika maji yanayochemka kwa dakika moja, kisha limenywe.

Kwa kinywaji, chukua magogwe 6 yaliyomenywa, yaponde, ongeza nusu lita ya maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, chuja, kisha tia sukari vijiko 3. Ganda lisiachwe ndani, litaleta uchungu.

Kwa mchuzi, kaanga kitunguu kimoja, tia magogwe 4 yaliyomenywa na kukatwa, chumvi na pilipili kidogo, uache vichemke hadi vilainike. Mchuzi huu mchachu hupatana sana na ndagala wa kukaanga na ugali, na huwafaa nyumbani siku ambazo nyanya ni ghali.

Nyumba ya serikali si ya kudumu. Barua ya uhamisho huweza kufika kabla mti haujazaa. Hata hivyo, hiyo si sababu ya kuacha uwanja mtupu. Apandaye mti unaofaa mahali pake huwaachia watoto wa mwenzake matunda, naye huenda akayakuta ya mwingine huko aendako.