Hesabu ya Nyumba Ugenini

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza na mama na baba wa nyumba, na vijana ambao kesho watakuwa wenye nyumba, juu ya mambo yanayoijenga jamaa na yanayoibomoa. Mwezi huu twataka kusema juu ya jambo linaloonekana dogo kwa mbali, lakini uzito wake aujua aliyelibeba: gharama za umeme, gesi, maji na simu kwa jamaa inayohama kwenda kukaa nchi ya mbali. Tutaichukua Uingereza kuwa mfano wetu, kwa sababu watu wengi wa pwani yetu na wa bara wamekwenda huko kusoma, kuuguza wagonjwa na kufanya kazi nyinginezo, na wengine hivi sasa wanafunga mizigo.

Msafiri hufanya hesabu ya tiketi, ya viza na ya kodi ya pango. Hizo huzijua, kwa kuwa hudaiwa kabla ya kuondoka. Asizozijua ni zile zinazomngoja nyuma ya mlango wa nyumba mpya. Tumesikia habari za jamaa zilizokwenda kwa furaha, na kabla ya mwaka kupita mume na mke wakawa hawasemezani, si kwa kukosa mapenzi, bali kwa sababu ya bili iliyofichwa chini ya godoro. Na mzazi aliyebaki nyumbani, aliyezoea kupata msaada wa mwanawe kila mwezi, hukatiwa pasi na kuambiwa sababu. Basi jambo hili si la fedha tu. Ni la amani ya nyumba na haki ya wazazi.

Kwanza yafaa kufahamu tofauti moja kubwa. Sisi huku tumezoea kulipa kwanza ndipo tutumie. Mtanzania hununua umeme wa LUKU, Mkenya hununua tokeni, na fedha ikiisha taa huzimika. Ni taabu, lakini ina rehema ndani yake, maana deni haliwezi kukua mtu akiwa amelala. Kule nyumba nyingi hutumia kwanza, kisha hudaiwa. Taa haizimiki, maji ya moto hayakatiki, na mgeni hudhani mambo ni mepesi, mpaka siku barua inapofika. Ziko nyumba zenye mita za kulipia kabla kama zetu; lakini anayehamia nyumba ya namna hiyo na aulize upesi kama mita ile ina deni la mpangaji aliyetangulia, asije akalilipa pasi na kujua.

Siku ya kupokea funguo, kabla hata ya kufungua masanduku, msafiri na azitazame mita za umeme, gesi na maji, aandike namba zake na kuzipiga picha pamoja na tarehe. Kisha aulize ni kampuni gani inayoihudumia nyumba ile, aipelekee namba hizo na jina lake. Tangu siku ile yeye ndiye mdaiwa, hata kama hakutia sahihi karatasi yoyote. Na asipokuwa na ushahidi wa namba za mwanzo, itamwia vigumu kuthibitisha kwamba matumizi ya mtu mwingine si yake. Kampuni aliyoikuta si lazima abaki nayo. Akiisha kutulia anaweza kulinganisha bei na kuhama.

Bili ya umeme na gesi ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ada ya kila siku, inayolipwa hata kama nyumba ilifungwa na hakuna aliyewasha taa. Katika mwaka 2025 ada hiyo, ya umeme na gesi pamoja, ilizidi peni 80 kwa siku kwa nyumba ya kawaida, yaani zaidi ya pauni 24 kwa mwezi kabla ya kuchemsha hata birika moja. Sehemu ya pili ni bei ya kila yuniti iliyotumika. Tangu Januari 2019 serikali imeweka kikomo cha bei, kinachosimamiwa na idara iitwayo Ofgem, na siku hizi hubadilishwa kila miezi 3. Wengi hudanganyika hapa. Wakisikia kwamba kuna kikomo hudhani kwamba bili haiwezi kupita kiasi fulani. Sivyo. Kikomo ni cha bei ya yuniti na cha ada ya siku. Anayetumia zaidi hulipa zaidi, wala hakuna dari.

Jambo la pili la kufahamu ni kwamba yuniti moja ya umeme huuzwa takriban mara 4 ya bei ya yuniti ya gesi. Mgeni mwenye kuhisi baridi hukimbilia dukani akanunua kijiko cha umeme cha kuchomeka ukutani, kwa kuwa ni rahisi kununua. Hebu tupige hesabu. Chombo kinachotumia kilowati 2, kikiwashwa saa 5 kwa siku, hula yuniti 10. Kwa bei ya mwisho wa mwaka 2025, karibu peni 26 kwa yuniti, hiyo ni pauni 2 na peni 60 kwa siku, na pauni 78 kwa mwezi, kwa chumba kimoja tu. Ikiwa nyumba ina boila ya gesi, kupasha joto vyumba vinavyotumika kwa saa maalumu, na kufunga milango ya visivyotumika, ni nafuu zaidi. Wala hatusemi watu wakae kwenye baridi. Waganga wa kule hushauri joto la nyumba lisipungue nyuzi 18, na watoto wachanga na wazee ndio wa kuangaliwa zaidi. Makusudio ni kuipasha nyumba kwa akili, si kuitesa jamaa.

Kampuni nyingi hupendelea kukata fedha benki kila mwezi kwa kiasi kilekile. Njia hii ni nzuri kwa mwenye mshahara wa mwezi, kwani ziada ya miezi ya jua husaidia miezi ya baridi. Lakini kiasi hicho hukisiwa. Asiyepeleka namba za mita yake kila mwezi huenda akakatwa kidogo mno tangu Juni hadi Desemba, kisha Januari akadaiwa limbikizo. Na anayeona akiba yake imejaa mwezi wa Septemba asifurahi akaomba arudishiwe yote. Ile ndiyo kuni ya masika yake ya baridi.

Tuje kwenye kodi ya baraza la mji, ambayo huwashtua wageni kuliko zote, kwa sababu huku kwetu hudhaniwa kuwa kodi za nyumba ni juu ya mwenye nyumba. Kule, anayekaa ndani ndiye anayelipa. Katika England nyumba zimegawanywa madaraja 8, tangu A hadi H, kwa kadiri ya thamani zake za Aprili 1991. Kwa desturi hulipwa kwa mafungu 10 katika mwaka unaoanza Aprili, na kwa hiyo kuna miezi 2 ya kupumua. Mtu mzima anayekaa peke yake hupunguziwa robo, na nyumba wanamokaa wanafunzi wa wakati wote peke yao husamehewa. Lakini lazima waombe. Aliyepanga chumba katika nyumba ya wapangaji wengi na aulize, maana mara nyingi hapo mwenye nyumba ndiye anayelipa. La kuogopwa ni hili: mwenye kukosa fungu moja huletewa onyo la siku 7, na asipolipa anaweza kutakiwa alipe mwaka mzima kwa mara moja, kisha huitwa mahakamani na kuongezewa gharama. Barua ya baraza isiachwe mezani bila kufunguliwa.

Ama maji, katika England mtu hachagui kampuni. Huipokea iliyopo katika mtaa wake. Nyumba nyingine zina mita na nyingine hulipa kiasi kimoja kwa mwaka, na mkaaji ana haki ya kuomba mita bila malipo. Watu wachache katika nyumba kubwa hufaidika na mita. Jamaa yenye watoto wengi katika nyumba ndogo huenda ikapata hasara, basi na ihesabu kwanza. Huko Scotland maji hulipwa pamoja na kodi ya baraza.

Hapa twawakumbusha ndugu zetu jambo la ibada. Maji ya udhu wakati wa baridi hupashwa moto, na kila mfereji unapofunguliwa boila huwaka. Watu 5, nyakati 5, na mfereji uko wazi tangu kusukutua hadi miguu: hapo gesi na maji huenda bure pamoja. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa kibaba cha mudi, ambacho hakifiki lita moja. Watoto wafundishwe kutia udhu kwa chombo. Watapata thawabu ya suna, na baba atapata nafuu ya bili.

Sasa simu, ambayo ndiyo mtego wa vijana. Maduka ya kule humpa kijana simu ya bei kubwa pasi na kulipa kitu siku ile, kwa mkataba ambao mara nyingi huwa wa miezi 24. Aliyewasili juzi hana rekodi ya mikopo, hivyo hukataliwa. Ndipo humwendea rafiki na kumwomba achukue kwa jina lake. Twasema wazi kwamba hiyo ni amana nzito. Mwenye simu akikosa kulipa, anayeharibikiwa jina ni yule aliyemsaidia, naye anaweza kunyimwa nyumba na mkopo halali kwa miaka. Kijana na aende na simu yake ya nyumbani, anunue laini ya mkataba wa siku 30, asiyodaiwa simu, aweze kuihama mwezi wowote. Wala wito wa kawaida kwa namba za 254 au 255 usipigwe kabla ya kuulizia bei. Kuzungumza kwa njia ya intaneti kwatosha.

Laini ya nyumbani nayo isitupwe. Benki zetu na huduma kama M-Pesa hutuma namba za siri kwa laini ileile, na laini iliyolala muda mrefu huweza kufungwa na kupewa mtu mwingine. Usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla ya safari msafiri aulize kampuni yake namna ya kuiweka hai akiwa ng'ambo.

Na kwa kuwa tumetaja rekodi ya mikopo: raia wa Kenya, Tanzania na Uganda wanaokaa Uingereza kihalali wanaruhusiwa, kwa kuwa nchi zao zimo katika Jumuiya ya Madola, kujiandikisha katika daftari la wapiga kura. Jina kuwamo katika daftari hilo husaidia makampuni kumtambua mtu na makazi yake. Ni jambo lisilogharimu hata peni moja, na wengi hawalijui.

Tuchukue mfano wetu wenyewe, ili maneno yasibaki hewani. Mume, mke na mtoto, katika mji usio ghali sana, wana pauni 1,900 mkononi kila mwezi baada ya makato. Pango 850, baraza la mji 140, umeme na gesi 140, maji 40, intaneti 28, laini mbili za simu 20, nauli 130, chakula 350, na wazazi nyumbani 100. Jumla ni 1,798, na zinabaki 102 za akiba, nguo na maradhi. Sasa wabadilishe laini zile mbili kwa simu mpya za mkataba, kila moja pauni 45: hapo gharama imepanda 70. Waongeze na televisheni ya kulipia ya pauni 35. Nyongeza ni 105, na akiba iliyokuwa 102 imekuwa deni la 3. Hakuna aliyefanya israfu ya kuonekana. Hakununua gari wala dhahabu. Na mwezi utakapokuwa mgumu, fungu la kwanza kukatwa litakuwa zile 100 za wazazi.

Televisheni pia ina leseni yake. Anayetazama matangazo ya moja kwa moja, ya kituo chochote, au huduma ya BBC iPlayer, sharti aikate, na mwaka 2025 ilikuwa pauni 174 na nusu. Asiyetazama hayo halazimiki, ila na aarifu hivyo.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Twashauri kila jamaa iwe na daftari moja, walitazame mume na mke pamoja kila mwezi, kwa uwazi, pasi na lawama. Na likitokea deni, lisifichwe. Kampuni za umeme na gesi zimelazimishwa kukubaliana na mdaiwa mpango wa kulipa kwa kadiri ya uwezo wake, na chama cha Citizens Advice hutoa shauri bila malipo. Aliyenyamaza kwa haya ndiye anayejikuta mlangoni pa wakopeshaji wa riba, akilipa deni dogo kwa deni kubwa zaidi na kubeba dhambi juu ya dhiki.

Enyi vijana mnaofunga mizigo, ugeni haumvunjii mtu heshima, na kuishi kwa kadiri si unyonge. Ulizeni mapema, andikeni, na lipeni kwa wakati wake. Aliyetimiza haki za watu ugenini hulala usingizi mzuri, na salamu zake nyumbani hupokewa kwa dua. Wabillahi tawfiki.