Watoto Saba wa Baba Segi



Wiki iliyopita mteja alinikuta dukani nimefungua kitabu juu ya meza ya kukatia nguo, akauliza kinahusu nini. Nikamwambia ni hadithi ya mke wa nne asiyeshika mimba, na wake wenzake watatu wenye watoto saba, na katika hao saba hata mmoja si wa mume. Akashika mdomo. "Astaghfirullah! Na wewe unasoma uchafu huo?" Kisha akavuta kiti. "Enhe, ikawaje?"

Kitabu chenyewe kinaitwa The Secret Lives of Baba Segi's Wives, cha Lola Shoneyin wa Nigeria, kilichotoka mwaka 2010. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, kwa hiyo kilinichukua wiki tano, kamusi nimeifungua kwenye simu. Baba Segi ni mtu wa Ibadan, ana pesa, ana sauti, na watoto wake ndio fahari yake. Anaoa mke wa nne, Bolanle, msomi wa chuo kikuu. Miaka inapita, tumbo kimya, akampeleka hospitali kama mtu anayepeleka cherehani kwa fundi. Daktari anataka kumpima na yeye mume, naye anashangaa: mwenye watoto saba anapimwa nini? Hapo ndipo siri inapotoka. Mke mkubwa aligundua zamani kwamba kwa mume huyu hatopata mtoto, akatafuta pahala pengine, na wenzake nao wakapita njia hiyo hiyo kila mmoja kwa wakati wake. Na siri ina gharama. Chakula cha sumu kilichowekwa kwa ajili ya Bolanle kinaliwa na Segi, binti wa mke mkubwa mwenyewe, na anakufa.

Wapo watakaosema hadithi kama hizi zinawafundisha wanawake zinaa. Mimi sioni hivyo. Mwandishi hakuwasifu wale wake watatu, wala hakuwatukana. Ameonyesha kilichowafikisha pale: nyumba ambamo mwanamke asiye na mtoto hana cheo, na mume ambaye hakuna mtu anayethubutu kumwambia nenda kapimwe. Uzinzi wao ni dhambi, sibishani na hilo. Lakini kuna jambo lililotangulia dhambi hiyo, na hilo hatulisemi.

Angalieni hata maneno yetu. Mwanaume asiyeweza tendo la ndoa tunalo jina lake, hanithi. Lakini mwanaume mzima, mwenye nguvu zake, ila mbegu zake hazitungi mimba, mtaani tunamwitaje? Hatumwiti kitu. Tunamwita mkewe mgumba.

Madaktari wanasema upande wa mume unahusika katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto. Huenda aliugua matubwitubwi baada ya kubaleghe, huenda ana maambukizi ya zamani, au mishipa ya korodani imevimba. Kipimo chake cha kwanza ni chepesi kuliko vyote: anakaa siku mbili hadi saba bila tendo, anatoa manii kwenye kikopo, yanaangaliwa kwa darubini. Hakuna sindano wala kisu. Mwanamke anapigwa picha ya mirija kwa dawa inayosukumwa ndani, na aliyepitia anajua yale maumivu. Sasa niambieni kwa nini tunaanza na kigumu.

Najua kwa sababu nimepita humo. Miaka sita ya ndoa nilipima mirija, nilipima homoni, nilikunywa makombe, nilikandwa tumbo na bibi mmoja wa shamba mpaka nikashindwa kukaa kwenye cherehani. Mawifi wakiniuliza "bado tu?" mbele ya watu harusini, nami ndiye niliyewashonea nguo za harusi hiyo. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyetamka kwamba na mume apimwe. Hata mimi sikutamka. Nilidhani kumwambia ni kumvunjia heshima.

Kuna kitabu kingine, Stay With Me cha Ayobami Adebayo, nacho cha Nigeria, cha mwaka 2017, na hiki kiliniliza zaidi. Akin anampenda sana mkewe Yejide, lakini tendo la ndoa haliwezi. Badala ya kusema, anapanga kwa siri na ndugu yake ili mke apate mimba. Watu wa mume nao wameshamletea Yejide mke mwenza kwa kosa ambalo si lake. Watoto wanazaliwa, na ugonjwa wa selimundu unaingia nyumbani humo. Huko Ulaya kuna mabenki ya mbegu, yenye karatasi na sheria. Akin alifungua benki yake chumbani, na mwenye tumbo akawa wa mwisho kuambiwa.

Nilipokisoma nilikumbuka kitu tulichofundishwa darsani. Katika fiqhi yetu ya Kishafii, mke wa mume asiyeweza tendo anayo haki ya kwenda kwa kadhi, na mume anapewa muhula wa mwaka mmoja. Ukipita bila mabadiliko, mke anaweza kutaka ndoa ivunjwe. Wanazuoni waliliandika hilo wazi tangu karne nyingi, bila haya. Haya tumeziongeza sisi.

Na kuhusu kuchangiwa mbegu za mwanaume mwingine, msimamo wa wanazuoni wa Kisuni unajulikana. Sheikh Jad al-Haq wa Misri alitoa fatwa mwaka 1980, na Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu likakata shauri Amman mwaka 1986: kupandikiza mimba kunaruhusiwa yai likiwa la mke, mbegu za mume, tumbo ni la mke huyo huyo, na ndoa ipo. Mtu wa tatu hana nafasi. Iran wana fatwa ya Ayatollah Khamenei ya mwaka 1999 inayolegeza kwa masharti, lakini sisi tumefuata ile ya kwanza, nami naridhika nayo. Mtoto ana haki ya nasaba yake. Ndiyo haki aliyonyang'anywa Segi kabla hata hajazaliwa.

Lakini nasaba kulindwa hakuna maana kwamba nyumba lazima iwe baba, mama na watoto waliotoka tumboni. Visiwani hapa nani hakulelewa na shangazi, au na bibi? Mimi ninaye binti wa dada yangu tangu ana miaka mitatu. Ananiita mama, na jina la baba yake liko pale pale kwenye cheti chake, na kila Idi anakwenda kwao. Wapo hata wanaonyonyesha mtoto wa kulea. Ikitimia mara tano kabla hajafika miaka miwili, ni mwana wao wa maziwa, na mambo ya uharamu wa kuoana na kujistiri yanakaa sawa. Dini imetupa milango. Tunaipita tukikimbilia siri.

Nilimsimulia mume wangu habari za Baba Segi usiku mmoja ninapiga pasi. Alicheka pale daktari anapomtaka naye apimwe. Kisha akanyamaza. Siku ya tatu, tunakunywa chai, akaniuliza maabara inafunguliwa saa ngapi.

Tulikwenda pamoja. Majibu ni yake, siyaandiki hapa. Nitasema tu kwamba mama mkwe alipokuja mwezi uliofuata na kuanza maneno yake, mume wangu alimwambia, "Mama, mambo hayo niulize mimi," na yule mzee akaomba maji ya kunywa.

Mteja wangu amekichukua kitabu. Kanzu ya mumewe iko tayari tangu Jumatano, hajaja kuichukua, na nikimpigia simu anasema ngoja, amefika pale mke mkubwa anapoitwa hospitali.