Mikono ya Kufuma Nayo Huchoka

Ukiingia katika nyumba nyingi za hapa Himo, kuanzia Njia Panda hadi kando ya barabara ya Marangu, utakuta makochi yamevikwa vitambaa vya kufuma. Ni kazi ya kupendeza. Akina mama wanaoifanya hutuambia kwamba si kazi, ni mapumziko yao ya jioni. Hapo hatukubaliani nao.

Mkono hautofautishi kazi na starehe. Mama aliyekata majani ya ng'ombe asubuhi, akapukuchua mahindi mchana, kisha akashika sindano ya kroshia saa mbili usiku, amebana vidole siku nzima. Ni vivyo hivyo kwa kijana anayejifunza gitaa baada ya kushinda gereji.

Malalamiko tunayasikia mara kwa mara: usiku vidole vinakufa ganzi, mtu anaamka kuvikung'uta. Wengine husema ni baridi ya mlimani, wengine hunong'ona kuwa wametupiwa kitu. Tunawasihi waache maneno hayo. Ndani ya kifundo cha mkono kuna njia nyembamba wanamopita pamoja kano za vidole na mshipa mmoja wa fahamu. Nafasi ikipungua kwa uvimbe, mshipa hubanwa. Ganzi hushika dole gumba, kidole cha shahada, cha kati na upande mmoja wa kidole cha pete. Kidole cha mwisho husalimika. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, hasa wajawazito, na pia wenye kisukari. Kubana kwa nguvu na kurudiarudia huzidisha.

Hatusemi watu waache kufuma. Weka sindano chini kila baada ya dakika 20 hivi, unyooshe vidole. Sindano nyembamba izungushie kitambaa ili usiibane mno. Kazi ikiwa nzito, kama shuka la kitanda, iegemeze kwenye mto, isining'inie mkononi. Kifundo kikae kimenyooka, hata usingizini. Hospitali wanaweza kukupa kifaa cha kukishikilia usiku, nacho huwasaidia wengi. Kuchua kwa mafuta ya moto hupoza kwa muda tu.

Ukianza kuangusha vikombe, au nyama iliyo chini ya dole gumba ikianza kupungua, usingoje mavuno yaishe. Mshipa uliobanwa muda mrefu huenda usirudi kama zamani, wakati upasuaji wa kuufungulia nafasi ni mdogo. Tena, kama kidole hakisikii sindano wala moto, na mwilini kuna baka lisilo na hisia, nenda upimwe ukoma. Dawa zake hutolewa bure na ugonjwa hupona. Kuuficha kwa aibu ndiko kunakolemaza.

Neno kwa akina baba. Mara nyingi tumeona gunia la mahindi limemwagwa uani, mama na binti wanapukuchua, baba na vijana wa kiume wanaongea barazani. Kisha mama akilalamika mikono, anaambiwa apunguze kufuma! Sisi tungeanza na lile gunia. Wote wakae chini wapukuchue, au mahindi yaliyokauka vizuri yatiwe guniani na vijana wayapige kwa magongo, jioni mama abaki na nguvu ya kushika uzi wake.