Wageni wa chekechea wawe na utaratibu

Kila Juni, vyuo vya Ulaya na Marekani vinapofungwa, wanafunzi humiminika Moshi na Arusha kujitolea katika shule za chekechea. Wengi wana moyo safi, nasi tunawakaribisha. Lakini mtoto wa miaka minne akishamzoea mgeni, akamwita dada na kumng'ang'ania mkono, baada ya wiki tatu mgeni huyo hayupo. Anakuja mwingine, naye anaondoka. Kuagana huko kusikokwisha kunaumiza watoto, hasa waliomo katika vituo vya yatima.

Mgeni asiyejua Kiswahili asikabidhiwe darasa. Awe msaidizi wa mwalimu: agawe uji, achonge penseli, acheze na watoto uwanjani. Kabla hajafika, cheti cha polisi kutoka kwao kikaguliwe, na kibali cha ukaazi daraja C, kinachowahusu wanaojitolea, kisipuuzwe. Picha za watoto zisirushwe mitandaoni bila ridhaa ya wazazi.

Na fedha ambazo mawakala wanaowaleta vijana hawa huwatoza? Shule zidai sehemu yake iongezwe kwenye mshahara wa mwalimu wa kudumu, ambaye Septemba atabaki na watoto wale wale.