Baada ya filme ya wachawi, watoto wasomewe na kitabu

Filme ikiingia katika telefone moja huku Wamaza, upande wa Kasongo na Kabambare, haikawii kuzunguka mtaa mzima. Kitabu hakitembei hivyo. Kwa filme ya wachawi ya Robert Zemeckis ya mwaka 2020, ile ambamo kinywa cha Anne Hathaway kinapasuka mpaka karibu na masikio, hiyo ni hasara. Filme hiyo imetoka katika kitabu, na kitabu kina mambo ambayo picha zimeyageuza.

Mwandishi ni Roald Dahl, Mwingereza aliyefanya kazi kwa kampuni ya Shell huko Dar es Salaam kabla ya vita ya pili ya dunia, akajifunza Kiswahili. Kitabu kilitoka 1983. Kwa Kifaransa kinaitwa Sacrées sorcières. Mtoto yatima analelewa na nyanya yake, kisha wachawi wanamgeuza panya. Anabaki panya mpaka mwisho, na akisikia kwamba maisha yake yatakuwa mafupi anafurahi, maana hataki kuishi nyuma ya nyanya yake. Filme ya kwanza, ya 1990, iliogopa mwisho huo ikamrudisha mtoto kuwa mtu. Dahl hakupendezwa hata kidogo.

Lakini kwa msomaji wa Maniema, mtu mzito humu ni nyanya mwenyewe. Ni mzee, anavuta sigara kubwa, hana kidole gumba kimoja, na habari zote za wachawi anazijua. Katika vijiji vingi vya mashariki, mama wa namna hiyo ndiye angeonyeshwa kidole wa kwanza. Katika Septemba 2021, jirani tu hapo Kivu ya Kusini, wanawake wapatao wanane waliuawa kwa kushitakiwa ulozi. Dahl amemfanya mama huyo kuwa ngao ya mtoto. Mkubwa wa wachawi, yeye, ni mwanamke kijana, mzuri wa sura, tajiri, anayepokelewa hotelini kwa heshima zote.

Filme ya 2020 iliwapa wachawi mikono yenye vidole pungufu, mpaka kampuni ya Warner Bros ikaomba radhi kwa watu waliozaliwa hivyo. Kitabuni wachawi wana makucha. Anayekosa kidole ni nyanya mwema. Mtoto aliyeona filme peke yake anatoka pale akichungulia mikono ya watu.

Kitabu nacho si safi. Kinasema wachawi wote ni wanawake, na kwamba hata mwalimu wako anaweza kuwa mmoja wao. Maneno hayo ni mchezo huko Uingereza. Mahali ambapo watoto wenyewe wanaitwa ndoki, ni moto karibu na majani makavu. Sheria ya 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, kifungu cha 160, inaazibu kwa kifungo cha mwaka mmoja mpaka mitatu yule anayemtesa mtoto moyoni kwa kumshitaki ulozi. Wazazi wangapi wameisikia?

Kwa hiyo asiachiwe mtoto kitabu hiki peke yake. Mwalimu mwenye nakala moja tu anaweza kusoma sura kwa Kifaransa, kuieleza kwa Kingwana, na kusimama pale kwenye kidole gumba cha nyanya, ili darasa liseme lenyewe lilimzania nani.